Usukani Ukilegea, Boksi Ndilo la Mwisho Kukazwa

Pikapu ikizeeka mikononi mwako, usukani wake hulegea taratibu kiasi kwamba huoni. Unaanza kuusogeza kushoto, kulia, kushoto tena, hata barabara ikiwa imenyooka, na baada ya muda mikono inafanya hivyo yenyewe. Yangu niliinunua ikiwa imeshafika huko, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuizoea. Kilomita za mwanzo tu niliona kwamba gari linakwenda linakotaka, nami kazi yangu ni kulirudisha. Lori likipishana nasi, upepo wake unaisukuma pikapu pembeni. Nageuza usukani, hakuna kinachotokea, naongeza, halafu magurudumu yanaitika kwa mkupuo na inanibidi nirudishe upande wa pili. Nilikuwa nimebeba watu. Safari ile niliimaliza kwa mwendo wa pole, mabega yamekakamaa.

Aliyeniuzia alikuwa na jibu ambalo kila mwenye pikapu ya zamani ameshalisikia: "Hizi ndivyo zilivyo. Ukiona umezidi, unakaza boksi, unatulia." Nusu ya kwanza ina ukweli wake. Gari lenye boksi la stering, yaani kasha la gia linalopokea mzunguko wa usukani, huwa na mchezo zaidi, ile nafasi usukani unapogeuka bure kabla tairi hazijaitika, kuliko lile lenye raki, fimbo ya meno inayosukumwa moja kwa moja. Ukaguzi wa magari wa Uingereza unalitambua hilo: kwa usukani wenye kipenyo cha milimita 380, gari la raki kwa kawaida haliruhusiwi kucheza zaidi ya milimita 13 kwenye ukingo wa usukani, ilhali la boksi linavumiliwa hadi milimita 75. Kwa hiyo mchezo kidogo peke yake si ubovu.

Nusu ya pili ndiyo yenye hatari. Maboksi mengi ya pikapu hizi yana shafti yenye msokoto ndani yake, na juu ya msokoto huo inatembea nati kubwa iliyobebwa na gololi za chuma zinazozunguka na kurudi zilikotoka. Nati hiyo ina meno ubavuni. Meno yanasukuma gia, na gia inageuza ule mkono unaotokeza chini ya boksi, ambao mafundi huuita pitmani. Kwenye kifuniko kuna skrubu moja na loki nati yake, ile nati inayoifunga isigeuke. Ukiikaza skrubu, gia inasogezwa karibu zaidi na nati, na nafasi kati ya meno inapungua. Ni hapo tu inapofanya kazi, kati ya meno na meno. Kama ulegevu unatoka kwenye tairodi, zile fimbo fupi zinazogeuza magurudumu, au kwenye shafti ya usukani, skrubu haiugusi kabisa. Unachokuwa umefanya ni kubana gia kupita kipimo chake ili ulegevu wa mahali pengine usisikike mikononi.

Gia hizi zimetengenezwa kubana zaidi katikati, magurudumu yanapotazama mbele, na kuachia kidogo kadiri unavyokata kona. Katikati ndiko pia zinakolika zaidi, maana muda mwingi gari linakwenda moja kwa moja. Ukizidisha kukaza, usukani unanata pale pale katikati, na ukitoka kwenye kona haurudi wenyewe. Pikapu yangu ilikuwa na dalili hiyo. Nikimaliza kona na kulegeza mikono, usukani ulirudi nusu ya njia ukasimama. Nilipofungua boneti na kumulika kwa tochi, boksi zima lilikuwa limefunikwa na tope la mafuta na vumbi la miaka mingi, isipokuwa ile loki nati. Pembe zake zilikuwa zinang'aa, zimechubuliwa na spana. Kuna mtu alikuwa ameshakaza, na usukani bado ulikuwa unacheza. Hapo nikajua ugonjwa uko kwingine.

Kabla ya kugusa chochote nilipima. Injini iliwashwa, kwa sababu hii ni stering ya pawa; ukizima injini, ndani ya boksi kuna valvu inayojizungusha kidogo kabla gia haijasukumwa, na mchezo huo si ubovu. Tairi zilikuwa chini, zimetazama mbele. Nikabandika utepe kwenye ukingo wa usukani, nikafunga kijiti kwenye dashibodi ncha yake ikielekea kwenye utepe, kisha nikageuza polepole mpaka tairi ya mbele ilipoanza kujongea. Nikaweka alama, nikarudi upande wa pili vivyo hivyo. Kati ya alama na alama palikuwa na milimita 90 hivi. Namba hiyo niliiandika, kwa sababu bila namba kila matengenezo huonekana yamesaidia: umetoa jasho, umetoa pesa, na moyo unataka yawe yamesaidia.

Kutafuta ulegevu wenyewe hakuhitaji mashine, kunahitaji watu wawili. Binti yangu alikaa kwenye usukani, mimi nikaingia chini. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa, gia huru, kabari zimewekwa mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Tairi zote nne zilibaki ardhini, maana uzito wa gari ndio unaozifanya tairi zikatae kugeuka na viungo vilivyolegea vijionyeshe. Tulikubaliana asiguse usukani mpaka niseme, na mimi sikupeleka mkono karibu na feni wala mkanda. Kisha akaanza kuugeuza kidogo, kwenda na kurudi, bila kusimama.

"Baba, hivi?"

"Hivyo hivyo. Usizidishe."

Kazi hii hufanywa kwa vidole. Macho hudanganyika chini ya gari kwa sababu kila kitu kinatikisika pamoja, lakini kidole ukikilaza juu ya kiungo, nusu upande huu na nusu upande ule, kinajua mara moja kama chuma kimoja kinatangulia na kingine kinafuata. Nilianza juu, kwenye shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye boksi. Hapo pana diski ya mpira inayounganisha vipande viwili, imewekwa ili mtikisiko wa barabara usipande mpaka mikononi. Yangu ilikuwa imepasuka kuzunguka matundu ya bolti. Kipande cha juu kiligeuka kwanza, kikatulia, ndipo cha chini kikafuata. Ulegevu wa kwanza huo, na hata kwenye boksi sijafika.

Boksi lenyewe nililiwekea kiganja, nusu juu yake na nusu juu ya chasisi. Pikapu nyingi za zamani huumia vibaya hapa. Nguvu ile ile boksi linayotumia kusukuma tairi ndiyo linayoisukumia chasisi, na miaka ikipita bolti hulegea, au chasisi yenyewe hupasuka mstari mwembamba unaoanzia kwenye tundu la bolti. Nilisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, nikatafuta ufa kila upande. Haukuwepo, namshukuru Mungu. Bolti moja ndiyo iliyokuwa imelegea, na boksi lilikuwa likinyanyuka kidogo kila usukani ulipobadili upande. Ningeukuta ufa, pikapu isingetoka pale mpaka ichomelewe na kuwekewa bamba na mtu anayeijua chasisi.

Ulegevu mkubwa kuliko wote niliukuta ng'ambo ya pili. Kwenye pikapu nyingi ambazo magurudumu ya mbele hayachangii ekseli moja, kuna fimbo ndefu ya kati inayobebwa pande mbili. Upande mmoja inashikwa na pitmani, upande mwingine inashikwa na mkono unaoitwa aidla. Aidla haisukumi kitu. Kazi yake ni kuishika fimbo ili itembee kwenye mstari wake. Ndani yake mna bushi, na bushi ikiisha, mkono unapata nafasi ya kupanda na kushuka. Binti alipogeuza usukani, pitmani ilikwenda pembeni inavyotakiwa, lakini ncha ya fimbo upande wa aidla ilinyanyuka kwanza, nusu ya upana wa kidole, ndipo nayo ikaenda pembeni. Akirudisha, inashuka kwanza, ndipo inarudi. Niliushika mkono ule nikauvuta juu na chini, ukacheza bila hata kutumia mtaimbo.

Nilibaki nimelala pale nikiuangalia. Kila fimbo inapopanda au kushuka, tairi za mbele zinabadilisha zinavyotazamana, na shimo dogo tu barabarani linatosha kuifanya hivyo bila dereva kugeuza chochote. Ile tabia ya gari kujitafutia njia ilikuwa inatoka hapa. Unaweza kuikaza skrubu ya boksi mpaka ikatike, aidla itaendelea kupanda na kushuka. (Pikapu za ekseli nzima mbele kwa kawaida hazina kiungo hiki. Kwa hizo ningetazama ncha mbili za fimbo itokayo kwenye boksi, na kama zina springi za koili, ile fimbo inayoizuia ekseli isiende pembeni, bushi zake na matundu ya bolti zake. Ikilegea hiyo, gari linaweza kuanza kutetemeka mbele kwa nguvu za kutisha kwenye mwendo.)

Tairodi ya nje upande wa kulia nayo ilikuwa imekwisha. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, grisi imechanganyika na mchanga, na kichwa kikawa kinaruka ndani ya kikombe chake kwa mlio mdogo wa chuma kwa chuma.

Tukainua mbele kwa jeki na kulikalisha gari juu ya stendi imara, kwa sababu jeki peke yake haifai kumlinda mtu hata kwa dakika moja. Tairi ukiitikisa ukiwa umeishika kushoto na kulia, unaziuliza tairodi. Ukiishika juu na chini, unaziuliza beringi na boljointi, vile viungo vya mviringo ambavyo gurudumu linageukia, na hizi mbili ni rahisi kuzichanganya. Tairi ya kushoto ilicheza juu na chini. Nikamwomba binti akanyage breki na kuishikilia, nikatikisa tena: mchezo umepotea. Breki ikishika, inalifunga gurudumu pamoja na nako yake, kile chuma kinacholibeba, hivyo beringi haina tena nafasi ya kucheza. Ilikuwa ni beringi, ilihitaji kusafishwa, kutiwa grisi mpya na kukazwa kwa kipimo chake. Mchezo ungebaki baada ya breki kushika, ningegeukia boljointi. Boljointi inayobeba uzito hupimwa jeki ikiwa chini ya mkono unaokalia springi, la sivyo springi inaibana na inaonekana nzima.

Orodha hiyo niliipeleka kwa fundi. Ni mzee mtulivu, hana haraka ya kufungua kitu. Akazunguka kila mahali nilipomtajia, akahakikisha kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasema, "Kaka, tuanze na aidla, halafu tuone." Nikamwomba tufanye vyote kwa pamoja: diski ya mpira, aidla, tairodi za nje pande zote mbili, bolti ya boksi, beringi. Sababu yangu ni kwamba ulegevu wa stering unajumlishwa. Usukani unapita kwanza nafasi ya diski, halafu ya bolti, halafu ya aidla, halafu ya tairodi, ndipo tairi inageuka. Ukiondoa mmoja ukaacha mitatu, dereva anaona bado unacheza, na mkono wa mtu unakwenda tena kwenye ile skrubu. Nilimwambia pia boksi tusiliguse mpaka mwisho. Akacheka kwa kuridhika. "Hilo," akasema, "wengi hawataki kulisikia."

Kuna waliopita pale gereji walionishauri nipige grisi kwanza. Grisi ni uhai wa viungo hivi, na kila chenye nipeli nakipiga mpaka grisi ya zamani itoke na mpya ionekane. Lakini grisi inalinda chuma ambacho bado kipo. Kilichokwisha hakirudi, na grisi nzito kwenye kiungo kilichokufa inanyamazisha kelele tu, ambazo ndizo zilizokuwa zinakuonya.

Nilijifunza mengi kwa kumtazama fundi akiifungua tairodi. Shingo yake ni ya kuchongoka na inakaa kwenye tundu la kuchongoka, kwa hiyo hata nati ikitoka, yenyewe inabaki imenasa. Hakuigonga kwenye nyuzi. Aliiacha nati ikiwa imeingia nyuzi chache ili kitu kisimrukie, akaweka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, akapiga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Pigo zito, pigo lingine, na shingo ikachomoka yenyewe. Kabla ya kufungua alikuwa ameshapima urefu wa tairodi kutoka katikati ya kichwa kimoja hadi katikati ya kingine, na akaifunga mpya kwa urefu ule ule, ili gari liweze walau kufika kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa tairi, bila kula tairi. Shingo na tundu alivifuta vikawa vikavu kabisa. Alipokaza nati, tundu la pini lilikuwa limepishana kidogo na mfereji wa nati. Kijana wake akataka kuirudisha nyuma.

"Hapana, mwanangu. Nati hii hairudi nyuma. Iendeleze mbele mpaka mfereji unaofuata."

Ukiirudisha, shingo inapoteza mbano, inaanza kucheza ndani ya tundu, inalipanua, na siku moja inakatika. Pini nayo ni mpya kila mara. Iliyokwisha kupindwa na kunyooshwa haifai kushikilia kitu ambacho gari zima linakitegemea.

Vyote vilipofungwa, boksi likiwa halijaguswa zaidi ya kukazwa kwenye chasisi, nilipima tena kwa kijiti kile kile. Milimita 90 zilikuwa zimeshuka hadi 35 hivi. Sehemu kubwa kabisa ya ulegevu haikuwahi kuwa ndani ya boksi.

Lakini usukani bado ulinata katikati, kwa sababu ya ile mikono iliyokaza skrubu kabla yangu. Sasa ndipo boksi likafikiwa. Tukalirudisha gari juu ya stendi, usukani katikati, magurudumu yakitazama mbele kabisa, maana kipimo cha skrubu hii hufanywa hapo na si penginepo. Ukiikaza magurudumu yakiwa yamekata kona, pale meno yalipoachia, unaporudi katikati gia inajibana. Fundi alilegeza loki nati akiishika skrubu kwa bisibisi isigeuke nayo, akaiachia skrubu mpaka usukani ukawa mwepesi, kisha akairudisha ndani kidogo kidogo, thumni ya mzunguko kwa mara moja. Kila baada ya kugeuza aliupeleka usukani kutoka kona hadi kona akisikiliza kama kuna mahali unanata. Alipoona mbano mdogo tu pale katikati, akasimama na kufunga loki nati. Njia ya kiwandani ni kulitenga boksi na viungo na kupima kwa kifaa nguvu inayohitajika kuligeuza, na aliye na kifaa hicho akitumie. Tulipotoka barabarani, nilikata kona nikalegeza mikono, na usukani ukarudi wenyewe mpaka katikati.

Alaimenti ilifuata, nayo ni ya lazima baada ya kugusa tairodi. Omba pia wapime mwinamo wa nyuma wa ule mhimili ambao gurudumu linageukia, maana ukiwa mdogo kuliko unavyotakiwa, gari halishiki mstari hata viungo vikiwa vipya vyote. Upepo wa tairi ujazwe kabla ya hapo. Tairi laini za mbele hufanya usukani uonekane umelegea, na mzigo mzito uliorundikwa nyuma ya ekseli hunyanyua pua ya pikapu na kuzipunguzia tairi za mbele mshiko.

Usisahau nyuma. Bushi za springi na zile shakeli, vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chasisi, zikiisha, ekseli ya nyuma inajisogeza na kuliendesha gari kutokea nyuma, na dereva anaulaumu usukani. Kwangu bushi zilikuwa nzima, yubolti, zinazofunga ekseli kwenye springi, ndizo zilihitaji kukazwa.

Baadhi ya pikapu zina shokamzoba ya stering, ya kutuliza mitikisiko, imelala karibu na fimbo ya kati. Ukifunga mpya, mtetemeko unapungua siku hiyo hiyo, na ndiyo maana inapendwa na wanaotaka kuuza gari. Mimi kwenye gari lenye viungo vibovu nisingeifunga kabla ya vingine vyote, kwa sababu inatuliza mikono wakati kiungo kinaendelea kuisha.

Kilichobaki ni boksi lenyewe. Linavuja kidogo pale shafti ya pitmani inapotokea, na sili mpya haitadumu ikiwa bushi ya shafti imelika, kwa hiyo kila ninapopiga grisi naishika pitmani na kujaribu kuiyumbisha pembeni. Ikianza kuyumba, skrubu haina msaada wowote hapo, maana haigusi bushi hiyo. Dalili nyingine ninayoitazamia ni mchezo kurudi ilhali katikati kumeshabana, ambayo maana yake ni kwamba meno ya katikati yameliwa kiasi ambacho ukiyakaribisha zaidi, yale ya pembeni yanakwama. Kijiti na utepe vimo kwenye droo ya dashibodi pamoja na karatasi ya namba. Ikifika 40 na viungo vyote vikiwa vizima, boksi litashushwa, ama lifunguliwe na kuwekewa bushi na gololi mpya, ama libadilishwe zima.